Boila ya mvuke ikileta matata: dalili, chanzo na hatua, kuanzia Nakuru hadi Kisumu

Boila nyingi zinazofanya kazi kati ya Nakuru na ziwa zilikuja na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa Uingereza, India au Ujerumani. Ni vitabu vizuri. Lakini walioviandika hawakuwa na habari ya maji ya visima vya Bonde la Ufa yenye magadi, wala ya Mto Nzoia unaogeuka rangi ya chai ya maziwa mvua zikikolea, wala ya stima kupotea saa mbili usiku tanuri likiwa limeshindiliwa kuni za mkaratusi. Ndiyo maana fundi anaweza kufuata kitabu ukurasa kwa ukurasa na bado akasumbuka. Rai yangu ni kwamba mara nyingi moto husingiziwa makosa ya maji. Boila ikisumbua, anza na maji: yamefika wapi, yana joto kiasi gani, na yamebeba nini.

Boila za viwanda vya chai, hospitali na jikoni za shule kwa kawaida ni za aina ambayo moto hupita ndani ya mirija na maji huizunguka kwa nje. Zile kubwa za viwanda vya sukari, kuanzia Muhoroni na Chemelil hadi Awendo, ni kinyume chake: maji ndani ya mirija, moto nje. Katika zote mbili maji yana kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua, kugeuka mvuke. Ya pili husahaulika: kupoza chuma. Bamba la tanuri halilainiki, ingawa upande mmoja linachomwa na ndimi za moto, kwa sababu upande wa pili maji yanalinyang'anya joto. Maji yakiondoka hapo, chuma hupanda kuelekea joto la moto wenyewe, hulegea, na presha iliyokuwa ya kawaida dakika chache zilizopita hukibonyeza mpaka kikaachia.

Hapo ndipo panapotisha. Geji ya presha ikisoma bar 10, maji huchemka kwa takriban nyuzi 184 za Selsiasi. Boila ikipasuka, presha huanguka ghafla na maji hayo hayawezi kubaki maji yote: karibu asilimia 16 hugeuka mvuke papo hapo. Kwa kila tani moja ya maji ni takriban kilo 160 za mvuke, zinazodai nafasi ya zaidi ya mita za ujazo 260. Na boila ya kawaida hubeba tani kadhaa. Kwa hiyo tutaanza na dalili ambayo haingoji.

KIOO HAKIONYESHI MAJI

Usawa wa maji ya boila husomwa kwenye mrija wa kioo ulio ubavuni mwake. Kioo kitupu na kioo kilichojaa pomoni vinafanana. Vyote viwili havina ule mstari wa maji, na mtu aliyechoka mwisho wa zamu huona anachotaka kuona. Weka nyuma ya kioo kibao chenye mistari ya mshazari: penye maji mistari huonekana imepinda, penye mvuke hubaki kama ilivyochorwa. Ni kazi ya rangi na brashi, na inafaa kuliko taa ya gharama.

Usipouona mstari, kata moto kwanza. Zima mafuta, au simamisha feni ya hewa na acha kutia kuni. Maswali ni baadaye. Kisha fungua koki ya kutolea maji iliyo chini ya kioo. Yakitoka maji kwa nguvu, na ukiifunga kioo kikajaa tena hadi juu, boila imejaa kupita kiasi. Toa maji taratibu mpaka mstari uonekane. Ukitoka mvuke mtupu, funga koki ya mvuke ya juu, kisha funga ile ya kutolea maji, uone kama maji yanasukumwa ndani ya kioo. Yakija, bado yako juu ya tundu la chini la kioo. Yasipokuja, hujui yameshuka kiasi gani, na kuanzia hapo kitu kimoja ni marufuku: kuwasha pampu. Maji yakigusa bamba jekundu hugeuka mvuke mwingi kwa ghafla, na bamba lenyewe husinyaa na kupasuka. Usivute pia mkono wa valvu ya usalama ili "kuipunguzia presha", kwa sababu presha ikishuka ghafla maji huchafuka na kupanda. Iache ipoe yenyewe, hata ikichukua usiku kucha, na isiwashwe mpaka mkaguzi aione kwa ndani.

Chanzo ni nini? Mara nyingi ni tope. Kioo na chumba cha boya vimeunganishwa na boila kwa mabomba membamba, na tope likiziba bomba la chini, kioo huonyesha maji yaliyokwama humo siku nzima huku boila ikikauka. Boya nalo huelea juu ya maji hayohayo ya uongo na kuiambia pampu ilale. Dawa ni kupuliza kioo kila zamu, koki moja baada ya nyingine, na kutazama maji yanavyorudi: yakirudi kwa uvivu, kuna njia inayoziba. Chumba cha boya kipulizwe kila siku. Mara moja kwa wiki, mtu akiwa amesimama mbele ya kioo bila kuondoka, zuia maji yasiingie na uache boila iyavukize mpaka swichi ya maji machache ikate yenyewe, mstari ukiwa bado unaonekana. Swichi ambayo haijawahi kukata usiihesabu kuwa ipo.

Sasa, jambo ambalo wenye boila za kuni wanapaswa kulijua kuliko wengine. Swichi ikikata kwenye boila ya dizeli, moto unazimika. Kwenye boila ya kuni swichi inazima feni tu. Rundo la magogo linaendelea kuwaka. Stima ikipotea ni hivyohivyo: pampu imekufa, feni imekufa, lakini tanuri liko hai na maji yanaendelea kupungua. Kwa hiyo stima ikienda, funga valvu kuu ya mvuke ili kuhifadhi maji, funga milango ya hewa ya chini ya wavu wa moto, na uache damper, yaani kilango cha chimni, wazi kidogo gesi zipate pa kutokea. Valvu ya usalama itafunguka. Iache ifanye kazi yake. Usimwage maji kwenye moto. Majivu yenye unyevu au mchanga vinafaa kuufunika. Halafu lisha maji kwa njia isiyohitaji stima, mradi mstari bado unauona.

Njia hiyo ni injekta. Mfaransa Henri Giffard aliibuni mwaka 1858, nayo hutumia mvuke wa boila yenyewe kusukuma maji kuingia ndani ya boila hiyohiyo bila kifaa hata kimoja kinachozunguka. Injini za reli zilizopanda kutoka Nakuru kuelekea Kisumu, reli iliyofika ziwani mwaka 1901, zilikuwa za mvuke, na huko boila nzima huinama na mlima: injini ikivuka kilele na kuanza kuteremka, maji hukimbilia mbele na kuliacha bamba la juu la tanuri, huku geji ya presha haionyeshi lolote. Ndiyo maana madereva wa mvuke hujaza maji kabla ya kilele. Wewe boila yako haitembei, lakini injekta yako ikianza kutema maji badala ya kuyameza, gusa bomba lake la kuvutia: maji yakiwa moto kupita kama nyuzi 50, nyingi hugoma, kwa kuwa mvuke haupati baridi ya kuugandisha kuwa maji. Iunganishe na tangi la maji baridi. Na kama kiwanda kinachotumia kuni hakina injekta, pampu ya mvuke wala jenereta inayojiwasha, mimi nisingekubali zamu ya usiku hapo.

PAMPU INANGURUMA, MAJI HAYAENDI

Mlio ni wa kokoto ndani ya pampu. Geji ya upande wa kutolea inatetemeka, na ukizima kwa dakika kumi kisha uwashe tena, inafanya kazi kidogo halafu inarudia. Wengi hubadilisha sili, kisha impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji), kisha pampu nzima, na mlio unarudi.

Kitabu kilisema maji ya tangi la kulishia yawe nyuzi 85 hadi 90 ili hewa iliyoyeyuka itoke. Sawa, lakini aliyeandika alikuwa karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwa kama nyuzi 96. Nakuru iko karibu mita 1,850, nayo ni kama 94. Ukipanda hadi Timboroa ni kama 91. Maji ya nyuzi 90 yaliyobakisha nyuzi kumi kule ulaya, Nakuru yamebakisha nne, na Timboroa yamebakisha moja. Pampu inapoyavuta, presha kwenye mdomo wake hushuka kidogo tu na maji yanachemka humo ndani. Mapovu hayo yakibonyezwa tena na impela hupasuka, ndiyo mlio unaousikia, na ndiyo vidonda unavyovikuta ukiifungua.

Angalia chujio la upande wa kuvutia kwanza, maana likiziba huleta dalili hiyohiyo. Likiwa safi, pandisha tangi juu ya paa la boila au kwenye jukwaa refu ili uzito wa maji uisaidie pampu, panua bomba la kuvutia, ondoa viwiko visivyo na sababu. Yote yakishindikana, shusha joto hadi nyuzi 80 hivi na ukubali kwamba hewa zaidi itabaki majini, ambayo itabidi uikamate kwa dawa. Jambo jingine: tangi likichemka lenyewe bila wewe kulipasha, kuna trapu za mvuke (vifaa vinavyotoa maji na kuzuia mvuke) zilizokwama wazi huko kiwandani zinazorudisha mvuke hai. Zitafute. Ni kuni zako zinazopita hapo.

MAJI YANARUKARUKA KWENYE KIOO, MVUKE UMELOWA

Mpishi anapiga simu: "Fundi, sufuria zinatema maji." Kwenye kiwanda cha chai, hewa ya kukaushia inapoa ingawa geji inasema presha ipo. Kwenye kioo mstari unacheza juu na chini kwa kasi, wakati mwingine na povu juu yake.

Kwanza ondoa sababu nyepesi. Je, maji yamejazwa juu kupita alama? Je, kuna mtu aliyefungua valvu kubwa kwa ghafla, labda mashine mbili za kufulia kuanza pamoja? Presha ikianguka ghafla, mapovu ya mvuke ndani ya maji huvimba na maji yote hupanda mpaka kwenye bomba la mvuke. Hapo kosa ni la mtumiaji, na dawa ni kuwapangia zamu na kufungua valvu taratibu.

Isipokuwa hivyo, boila imejaa chumvi. Mvuke huondoka msafi na kuacha nyuma kila kilichoyeyuka majini, kwa hiyo maji ya ndani huzidi kukolea saa baada ya saa. Kwa boila za aina ya mirija ya moto, kikomo cha kawaida ni karibu miligramu 3,000 hadi 3,500 za chumvi kwa lita, isipokuwa mtengenezaji ametaja kingine. Unayapunguza kwa kutoa sehemu ya maji hayo, yaani bloudauni, na kiasi cha kutoa kinategemea maji unayoingiza. Chukua kikomo cha 3,000. Maji ya kuingia yakiwa na 100, ambayo ni hali ya karibu na ile ya maji ya Ziwa Victoria, gawanya 100 kwa 2,900: unatoa kama asilimia 3.5 ya mvuke unaozalisha. Kisima chenye 600, gawanya 600 kwa 2,400: ni asilimia 25. Boila ni ileile na kuni ni zilezile, lakini robo ya kiasi cha mvuke wako inamwagwa mtaroni ikiwa imeshapashwa moto. Fundi aliyehama kutoka Kisumu kwenda Nakuru akabaki na mazoea yake ya bloudauni atakutana na povu kabla ya mwisho wa wiki.

Maji ya magadi yana hila nyingine. Sofutena, mashine ya kulainisha maji, huondoa ugumu tu, yaani kalisi na magnesi, na kuweka sodiamu mahali pake. Bikaboneti haiigusi. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina ugumu mdogo na bikaboneti ya sodiamu nyingi, kwa hiyo kipimo cha ugumu kinatoka sifuri, mwenye sofutena anaapa kwamba mashine yake haina kasoro, na anasema kweli. Ndani ya boila, bikaboneti huvunjika: magadi na soda kali hubaki na kufanya povu, huku gesi ya kaboni dioksidi ikiondoka na mvuke. Kumbuka gesi hiyo, tutakutana nayo tena kwenye mabomba.

Hatua: pima maji ya boila yaliyopozwa kwa kipimo cha upitishaji umeme kila zamu, wala usikisie kwa macho. Tumia bloudauni ya juu, karibu na uso wa maji, kwa ajili ya chumvi. Ile ya chini ni ya tope, na hufunguliwa kwa muda mfupi, mara kwa mara, mzigo ukiwa mdogo. Rudisha maji mengi iwezekanavyo ya mvuke uliopoa, kwa sababu hayo yameshatakaswa na yameshapata moto. Maji ya mvua kutoka kwenye paa la kiwanda, yakichujwa na kuchanganywa na ya kisima, hupunguza chumvi kwa bei ambayo hakuna muuza dawa anayeweza kuishinda. Kisima kikiwa kibaya sana, mashine ya kuchuja kwa utando hurudisha gharama yake kwenye kuni.

Povu kwenye boila ya kiwanda cha sukari ni habari tofauti. Mrija mmoja wa kivukizi, chombo cha kuchemshia juisi ya miwa kwa mvuke, ukitoboka, juisi huingia kwenye maji yanayorudi. Sukari ndani ya boila huungua na kuvunjika kuwa asidi. Maji hubadilika kuwa ya kahawia, hunuka sukari iliyoungua, na pH iliyokuwa karibu 11 huanguka. Maabara hupima kwa alfa-naftoli na asidi ya salfa: pete ya zambarau ikitokea, sukari ipo. Hapo hakuna mjadala na idara ya uzalishaji. Maji yote ya kurudi yanaelekezwa mtaroni, boila inalishwa maji safi, mzigo unapunguzwa, bloudauni inaongezwa, na mkemia anapandisha pH. Msimamizi atalalamika kwamba maji safi hayatoshi. Mwambie, "Mzee, mirija ya boila haitoshi pia."

PRESHA HAIPANDI, KUNI ZINAKWISHA

Anza na kuni zenyewe. Kilo moja ya kuni ambayo nusu yake ni maji hutoa takriban megajuli 8. Kilo moja ya kuni zilizokauka hadi asilimia 20 ya maji hutoa kama 14. Mkaratusi uliokatwa wiki iliyopita unatumia sehemu ya moto wake kujikausha. Pasua magogo, panga chini ya paa lililo wazi pembeni, yakae miezi. Makapi ya miwa hutoka kwenye vinu yakiwa na karibu asilimia 50 ya maji. Yakipanda juu ya hapo kwa sababu vinu havikamui vizuri au mvua imeyapiga, moto wa boila hulegea, vinu vinapungukiwa mvuke, na ukamuaji unazidi kuharibika. Mduara huo hukatwa kwenye kinu, fundi wa boila hana la kufanya zaidi ya kupiga kelele.

Kuni zikiwa nzuri, soma kipimajoto cha chimni. Kama hakipo, kiweke kabla hujanunua kitu kingine chochote. Siku boila ikiwa safi, andika joto la gesi kwa mzigo wa kawaida. Likipanda nyuzi 20 juu ya hapo, umepoteza takriban asilimia moja ya moto wako. Likipanda 80, piga hesabu mwenyewe. Joto linatoroka kwa sababu kuna kitu kimefunika mirija, ama masizi upande wa moto, ama ukoko upande wa maji. Kujua ni kipi, piga mirija brashi. Joto likirudi chini, yalikuwa masizi. Lisiporudi, ni ukoko, na tatizo lako liko kwenye sofutena: chumvi imekwisha, au inasafishwa kwa ratiba ya kalenda badala ya kufuata lita zilizopita. Ukoko si hasara ya kuni tu. Unazuia maji yasipoze chuma, na mrija unaweza kuungua kioo kikionyesha maji tele.

Ukitaka kuondoa ukoko kwa asidi, mwite mwenye ujuzi na kizuizi cha kutu. Asidi ya betri iliyomwagwa kwa kukisia hula ukoko na chuma pamoja.

VALVU YA USALAMA INAVUJA AU INAFUNGUKA MAPEMA

Ikivuja kidogokidogo, mara nyingi kuna uchafu kwenye kiti chake, au boila inaendeshwa karibu mno na presha ya valvu. Acha nafasi ya kama asilimia 10. Ikifunguka kabla ya wakati kwa mujibu wa geji, usiamini geji mpaka umeipima kwa geji nyingine: bomba lake lililopinda huwa na maji ya kuikinga na joto la mvuke, na likiziba au likikauka, geji hudanganya. Ikifunguka kwa haki, yaani presha imepanda kweli, basi imekuokoa.

Kuikaza springi, kuifunga kwa waya au kuning'iniza uzito juu yake ni kosa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, ambayo pia inataka boila ichunguzwe na mtu aliyeidhinishwa. Valvu ikihitaji kurekebishwa, inatolewa, inapimwa kwenye benchi na kufungwa lakiri. Fundi aliyekuambia "tuifinye kidogo tumalize shehena hii" mwandikie jina lake kwenye daftari la boila mbele yake. Atabadilisha wazo.

MABOMBA YANAGONGA

Maji yamelala ndani ya bomba la mvuke, na mvuke unaokimbia mita 25 au 30 kwa sekunde umeyasukuma kama kipande kimoja mpaka kwenye kona. Nguvu yake hupasua valvu ya chuma cha kutupwa. Ukisikia, funga mvuke taratibu, fungua mifereji yote ya kutolea maji, subiri itoke mvuke mtupu, ndipo ufungue tena robo kwa robo. Kisha tembea na bomba lote ukitafuta lilipolegea katikati ya vishikio. Bomba literemke kuelekea mvuke unakokwenda, na kila sehemu ya chini iwe na trapu inayofanya kazi.

MOTO UNARUKA NJE YA MLANGO

Gesi za kuni zilikuwa zimejaa tanurini bila hewa, ukafungua mlango ukazipa hewa. Damper ya chimni ifunguliwe kwanza, feni ya hewa ipunguzwe, mlango ufunguliwe kidogo, subiri, kisha wote. Na wewe usimame upande wa bawaba, kamwe si mbele. Kwa boila za dizeli, ikishindwa kuwaka, acha feni ipulize tanuri muda wake wote kabla ya jaribio la pili. Wanaoruka hatua hiyo kwa kuichezea saa ya bana (kifaa kinachonyunyiza na kuwasha dizeli) hujikuta wameng'oa mlango. Moshi mweusi ni upungufu wa hewa, au kuni nyingi mno kwa mara moja. Mweupe mzito juu ya kuni ni maji.

MIRIJA NA MABOMBA YANATOBOKA

Tazama umbo la tundu. Vidonda vya duara, kama alama za ndui, karibu na mahali maji yanapoingilia au kwenye mstari wa maji, ni oksijeni. Pasha moto maji ya kulishia kadiri mwinuko wako unavyoruhusu, na ukamate iliyobaki kwa salfaiti ya sodiamu, kama sehemu 8 kwa kila sehemu 1 ya oksijeni, na akiba kidogo juu yake. Kumbuka kwamba ukishusha joto la tangi ili kuituliza pampu, dawa hii lazima iongezwe. Idara mbili zisizozungumza huharibu boila hapa.

Bomba la maji yanayorudi likiwa limechimbwa mfereji upande wa chini, huku boila yenyewe ikiwa nzima, ni ile kaboni dioksidi ya maji ya magadi. Imeyeyuka kwenye maji ya mvuke uliopoa na kuwa asidi. Wengi hufunga kipande kipya cha bomba kila baada ya miezi kadhaa na kulaani mtengenezaji wa mabomba. Dawa ya kudumu ni kuondoa bikaboneti kabla maji hayajaingia. Kuna dawa za amini zinazosafiri na mvuke na kuua asidi hiyo, lakini mvuke wako ukigusa chakula au vyombo vya upasuaji, usiziweke bila kibali cha mtu anayejua ipi inaruhusiwa na kwa kiasi gani.

BOILA INALALA WIKI KADHAA

Shule zikifungwa, au kiwanda kikisimama kwa matengenezo, boila iliyoachwa nusu ya maji huliwa na kutu kuliko inayofanya kazi. Kwa muda mfupi ijaze hadi juu kabisa, maji yakiwa na salfaiti na pH ya kutosha, na uzibe hewa. Kwa miezi, ikaushe kabisa, weka ndani sinia za chokaa isiyozimwa, funga, na uandike mlangoni kwamba zipo, maana kuna atakayekuja kujaza maji bila kuuliza.

Kabla mtu hajaingia ndani, geji kusoma sifuri hakutoshi. Koki ya hewa ya juu iwe wazi na isitoe kitu. Kama boila mbili zinatumia bomba moja kuu la mvuke, au mtaro mmoja wa bloudauni, valvu za ile inayosafishwa zifungwe kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa aliye ndani, si ofisini.